Zimwi Lililobisha Hodi Kwetu Kibaha

Mpaka sasa sielewi. Baba alikwenda msikitini akaniachia kazi moja tu: kuwapokea washenga wanaoleta posa ya dada Mwanaidi.

Nikaona bado mapema. Nikawaita wana wawili wa mtaani tucheze ule mchezo wetu wa mezani: mimi natunga hadithi, wao ni wahusika, dadu inaamua nani apone. Sinema za kutisha zimenifunza kwamba zimwi halioneshwi, linasikika tu. Basi nikamtuma Siwema, tunayesoma naye na aliyekuja kutazama tu, azunguke nje abishe hodi kwa sauti ya kizee.

"Hodi wenyewe."

Nikawanong'oneza wachezaji, "Atakayeitika anakufa."

"Hodi jamani. Tumetoka Kisarawe."

Siwema ana kipaji, nikawaza, ila Kisarawe haimo kwenye hadithi yangu. Hodi ya tatu ilipokuja, nikaunguruma, "Ondokeni, nisije nikawatafuna mmoja mmoja."

Kisha nikasikia viatu vikiondoka, vingi kuliko vya mtu mmoja.

Siwema akatokea mlango wa uani, anatafuna muhogo. "Oya, nianze sasa?"

Nyuma yake akaja dada, khanga mpya, sinia la juisi mikononi.

"Nimesikia hodi," akasema. "Wageni wangu umewakalisha wapi?"