Udongo Kwenye Pindo la Asiya

Asiya, mshonaji wa Gasenyi, alikuwa mtu wa maneno. Hata wauza vitambaa wa mtaa wa Asiatique, watu wasiokubali kushindwa bei, walimwachia. Lakini tangu figo zake zilipokufa, kitu kimoja kilimnyamazisha: chanjo ya homa ya ini iliyokataa kushika mwilini mwake.

Wagonjwa wote wa mashine ya kusafisha damu walichanjwa, kwa kuwa ugonjwa huo hupitia damu. Wenzake wakapata kinga, yeye bure. Daktari alisema watu wa figo miili yao huwa mizito kuitikia, tena wake una upungufu wa madini ya zinki. Akampa vidonge vya zinki ameze kila siku huku akichanjwa upya. Hakuahidi kitu, alisema huenda vikasaidia.

Basi balaa likaja na mwenzake. Mashine ya Asiya ikaharibika, na kwa vita vilivyokuwa vimeuzingira mji, nani angeleta vipuri? Mashine pekee iliyobaki wazi ilikuwa kando ya mzee Herménégilde, karani mstaafu wa Ngagara, mwenye homa ya ini, aliyewekwa pembeni na mashine yake peke yake. Kiti kile cha jirani hapewi mtu asiye na kinga. Kinga ikipatikana, Asiya atasafishwa kama kawaida. Isipopatikana, atamegewa vipande vya zamu za wenzake, na maji yatamjaa hadi mapafuni. Aliogopa, wallahi, mpaka usingizi ukamhama.

Damu ikapimwa. Kinga hakuna.

Muuguzi Aloys hakumficha. Alimtazama, akafikiri, kisha akauliza, "Mama Anouar, ile dawa unakunywaga na nini?"

"Na maji. Kisha udongo kidogo, juu ile dawa inaniachaka kinywa kama nimelamba chuma."

Akafungua pindo la kitenge, akamwonyesha kipande cha udongo wa kuchoma, ule wanaouza sokoni, unaonukia mvua. Aliuzoea tangu mimba ya Anouar, kama wanawake wengi tu, na figo zilipokufa hamu ikazidi. Nani angedhani?

Aloys akakaa chini kabisa. Akamweleza kwamba udongo huinasa zinki tumboni na kutoka nayo. Kila alichomeza alikitupa mwenyewe. Asiya akalia kwa aibu na hasira. Mtu anapigana na kifo, kumbe kifo anakitafuna!

Aloys akamwombea kwa daktari achanjwe mara moja ya mwisho. Asiya akampa mumewe Moosa udongo wote autupe, na vidonge akavimeza na uchungu wake. Hamu ilimtesa, mvua ikinyesha alifunga dirisha asisikie harufu. Zamu zilikuwa chache, miguu ikavimba, pumzi ikawa ya kuomba.

Siku ya jibu la kipimo kipya, risasi zilikuwa zikilia milimani na magari hayakutoka Gasenyi. Moosa akamsihi wangoje. Akakataa. Wakatembea wakishika kuta, yeye akisimama kila hatua kadhaa kutafuta pumzi, hadi kwenye kizuizi. Askari akanyanyua bunduki. Moosa akamwonyesha miguu ya mkewe. Askari akaitazama, akageuza uso, wakapita.

Aloys alisoma karatasi, akairudia. Kisha akanyoosha mkono kuelekea pembeni, kwenye kiti kilicho kando ya mzee Herménégilde.

Asiya akabaki amesimama. Miezi yote ile alipita mbele ya mzee huyo bila salamu, kanga imeziba pua, kana kwamba ugonjwa unaruka hewani. Akaenda, akakaa. Aloys akamchoma sindano, damu ikaanza kuzunguka.

"Karibu, mama," mzee akasema polepole. "Tangu waniweke hapa, hakuna mutu alishakaa karibu yangu."

 Asiya akanyoosha mkono wake uliokuwa huru, akaushika wa mzee, nje risasi zikiendelea kulia.