Noti ya Juu ya Wimbo wa Taifa

Mume wangu walimpachika jina la Bwana Juu kwa sababu ya noti moja. Iko karibu na mwisho wa wimbo wa taifa, pale tarumbeta linapopanda peke yake na bendi nzima ya halmashauri inanyamaza kidogo. Ujanani aliipiga bila kukunja uso, watu wakamtazama yeye badala ya bendera. Sikatai, hata mimi alinipata hapo hapo.

Kisha meno ya mbele yakamtoka. Akawekewa ya bandia, na midomo haikumkaa tena sawa kwenye tarumbeta. Noti za chini alizimudu. Ile ya juu ilitoka upepo mtupu. Nilimsikia akiihangaikia bafuni, bomba limefunguliwa ili nisijue. Cha ajabu, kwenye sherehe noti ilisikika kama zamani, nami nikajipa moyo.

Ndipo akawa na maoni. Tume ilikuwa inazunguka kuwauliza wananchi kama wimbo wa taifa ubadilishwe, na nyumbani kwetu hapakukalika. "Wimbo gani huu unaburuta miguu? Utungwe mpya!" Alimhubiria kinyozi, akawahubiria waliopanga foleni benki, akamhubiria hata fundi bomba aliyekuja kutuzibulia sinki. Mdogo wake, anayekaa kiti cha pili cha tarumbeta kwenye bendi, alitabasamu tu. Huyo shemeji yangu ni mpole mpaka anakera.

Siku tume ilipofika ukumbi wa halmashauri, bendi iliwekwa jukwaani ili ipige wimbo wa kufungia kikao. Mume wangu akaomba kipaza sauti. Aliongea vizuri, simnyimi haki yake. Maneno yamechakaa, alisema, na mwendo ni wa mazishi. Makofi yakalia, na makofi yakamlevya.

"Na ile noti ya juu," akasema, "ni kelele tu! Anayeipiga anatafuta sifa. Hiyo ndiyo itupwe kwanza!"

Ukumbi ukacheka. Mimi niliinama nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Wakati wa kufunga tukasimama, bendi ikapiga. Walipofika penyewe, mume wangu akavimbisha mashavu, vidole vikabonyeza, na hakikutoka kitu. Kiongozi wa bendi aliganda na fimbo yake hewani. Kando ya mume wangu, shemeji alikuwa ameshusha tarumbeta lake na kulikumbatia kifuani.

"Kumbe huwa anaigiza?" mwanamke mmoja akauliza nyuma yangu, wala hakunong'ona. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Niliwakuta nyuma ya jukwaa. Shemeji alikuwa karibu kulia.

"Nisamehe, kaka. Nilidhani kweli huitaki tena. Ningejua, ningekupigia kama siku zote."

"Siku zote tangu lini?" nikauliza.

"Tangu meno, shemeji."

Hakusema kwa kejeli. Ingekuwa kejeli tungegombana, tukamaliza. Mume wangu alitazama viatu vyake, na mimi niliona aibu mara mbili: ya kwake, na ya kwangu niliyekuwa nikimtania kijana huyu kwamba kazi yake ni kumshikia kaka karatasi za muziki.

Tume ilikwenda zake, na wimbo haujabadilishwa mpaka leo. Mazoezi yaliyofuata niliwapelekea chakula cha mchana. Mume wangu alikuwa amehamia kiti cha pili bila kuambiwa na mtu. Walipokaribia ile noti, shemeji alimtupia jicho kuomba ruhusa. Mume wangu akaitikia kwa kichwa, na noti ikapanda, safi, mpaka nikasisimka.

Nje ya dirisha wapita njia wawili walisimama. "Unamsikia Bwana Juu?" mmoja akamwambia mwenzake. "Bado yumo!"

Mume wangu aliweka tarumbeta chini, akaenda dirishani, na mbele ya bendi nzima akasema, "Siyo mimi. Ni mdogo wangu. Ni yeye siku zote."

Wale watu wakacheka, wakidhani anatania.