Kiti cha Birika

Juma lililopita nilikaa mtaa wa Gisimenti na rafiki yangu wa zamani, katika mgahawa mpya wenye viti vya mbao laini na taa za vioo. Tuliletewa chai katika birika jeupe la kauri, zuri kiasi kwamba rafiki yangu alilipiga picha kabla ya kumimina. Nilipolishika, mkono wa birika uliniunguza. Nusu ya chai ikaenda kikombeni, nusu ikateremka shingoni mwa birika hadi kwenye kitambaa cha meza. Mhudumu alikuja kufuta, akaomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Mimi nilikuwa nimeshaondoka pale. Nilikuwa mtaani Nyakabanda, utotoni, barazani kwa bibi yangu, na harufu ya tangawizi ilikuwa puani.

Sijui kama kwenu mlikuwa na mtu wa kumimina chai. Kwetu alikuwa bibi, mama wa baba. Asubuhi shangazi aliwasha makaa kwenye imbabura, jiko letu la bati, akachemsha maziwa, na mimi nikatumwa kwa jirani kufuata maandazi ya moto. Lakini birika likishafika mezani, hakuna aliyeligusa ila bibi. Alimimina kutoka juu, mkondo mwembamba mrefu, bila tone kuanguka nje. Kwa jinsi alivyokumiminia ulijua umeamkaje naye. Aliyemkosea alipata nusu kikombe. Aliyeumwa aliongezewa sukari bila kuomba. Majirani walipita, Waislamu kama sisi na Wakristo pia, wakakaa, wakapewa kikombe, wakatoa yaliyo moyoni. Siku ya nyumba nzima ilianzia pale.

Kisha akapata kiharusi. Alirudi kutoka hospitali akitembea polepole, maneno yake yote yakiwa sawa, ila mkono wa kulia ulining'inia kama si wake. Wa kushoto haukuwa na nguvu za kuinua birika lililojaa. Shangazi akaanza kumimina chai, na bibi akaanza kunywea yake chumbani, mlango umefungwa. Baba, kwa huruma, alimletea kikombe cha plastiki chenye kifuniko na mdomo, kama cha mtoto mchanga. Bibi alimshukuru, kisha akakigeuza kikatazama ukuta. Haukupita muda, hata chai yenyewe akaiacha. Alisema haina ladha. Majirani waliokuja wakakuta baraza tupu, wakawa wanapita bila kusimama. Nilikuwa msichana mdogo, lakini niliogopa, kwa sababu niliiona nyumba yetu ikipoa.

Nyuma ya ua wetu aliishi fundi wa bati, mtu wa Bukavu, aliyetengeneza majiko, masanduku na makopo ya kumwagilia maua. Mchana kutwa tulisikia nyundo yake. Naye alikuwa mmoja wa wale waliozoea chai ya bibi. Siku moja alimwuliza shangazi kwa nini mama hatoki tena, shangazi akamweleza. Fundi akarudi kwake. Siku chache baadaye alikuja amebeba chombo cha chuma: kitako, nguzo mbili fupi juu yake, na katikati ya nguzo pete ya bati inayoning'inia. Birika lilikaa ndani ya ile pete. Ukilisukuma kwa vidole tu, liliinama na kumimina. Ukiliachia, lilirudi likasimama wima. Hakukuwa na haja ya kuinua chochote.

Bibi alitolewa barazani akajaribu kwa mkono wa kushoto. Kikombe kikajaa. Shangazi akalia, baba akampa fundi mkono. Bibi alikuwa akivitazama vile vyuma vizito, masalia ya mlango wa mtu, na maungio yenye makovu ya moto wa kuchomea. Alimshukuru fundi, kisha akaomba kwamba wageni wakija, chombo kile kiwekwe jikoni.

Fundi aliumia, ilionekana usoni. "Mama, haiko inafanya kazi?"

"Inafanya," bibi akajibu. "Lakini hii kitu iko inasema kwanza kwamba mimi ni mgonjwa. Halafu ndiyo inamimina chai."

Baba alitaka kumtuliza, akasema la muhimu ni chai kufika kikombeni. Fundi alimwashiria aache. Akaenda jikoni, akarudi na kipande cha kaa lililozimika, akakiweka katika mkono wa kushoto wa bibi. "Basi mama," alisema, "nichorie vile unapenda."

Bibi alichora sakafuni, juu ya saruji. Alichora mistari inayopanda na kushuka kama vilima, ile ambayo mama yake alikuwa akiisuka kwenye vifuniko vya vikapu. Mkono wa kushoto haukuzoea kazi hiyo. Mistari ilitetemeka, mingine ikapishana, akataka kuifuta. Fundi alimzuia. Alichana mfuko mtupu wa saruji, akapiga magoti, akainakili yote kwenye karatasi yake.

Tangu siku ile nyundo ya nyuma ya ua ilibadilika sauti. Haikugonga tena kwa nguvu, ilidonoa tu. Nilichungulia kwenye pengo la ua nikamwona akitoboa bati kwa msumari, tundu moja moja, akifuata mistari ya bibi. Nilidhani angeinyoosha. Hakuinyoosha. Pale mkono wa bibi ulipotetemeka, msumari nao ulitetemeka, kwa makusudi kabisa.

Alipokuja mara ya pili, tulikizunguka chombo chake. Vyuma vizito vilikuwa vimeondoka. Miguu sasa ilikuwa myembamba, imepinda na kupanuka chini kama nyayo za ndege, na kwa kupanuka huko hakikuyumba hata ukikisukuma. Birika lilizungukwa na ukanda wa bati wenye vilima vya bibi. Jua la asubuhi lilipita kwenye matundu, likamwaga vilima ukutani, mezani, na juu ya mkono wake usiosogea. Sikujua kwamba bati linaweza kutoa kitu kama kile. Na kulikuwa na jambo ambalo fundi mwenyewe hakulitegemea. Kile chombo cha kwanza kilipata moto, ikabidi kukisukuma kwa kitambaa. Hiki kilibaki baridi, kwa sababu joto lilitoka kupitia matundu. Fundi alikigusa, akakigusa tena, akacheka peke yake, kama mtu aliyepewa zawadi na mikono yake mwenyewe.

Tulikiita kiti cha birika. Idd iliyofuata baraza ilijaa, na bibi alikaa mahali pake bila kuufunika mkono wake. Mama mmoja muuza vitambaa kutoka mtaa wa Gitega, ambaye hakuwa amemwona tangu augue, alipokea kikombe, akainama, akapitisha kidole kwenye matundu ya ukanda. Nilingoja aulize habari za ugonjwa.

"Mukecuru, bibi yetu, hii umenunua wapi?" aliuliza.

Bibi alimmiminia kwanza mgeni aliyefuata. "Hainunuliwi," akasema. "Nimechora mwenyewe."

Aliendelea kumimina chai kwa miaka mingi baada ya hapo, mpaka alipofariki. Nyumba ile ilibomolewa barabara ilipopanuliwa, na fundi alirudi Bukavu, hatukupata tena habari zake. Vyombo vizuri havijaisha mjini. Madukani vimejaa, na baadhi yake vinafanya kazi vizuri pia, siwezi kuvisingizia. Ninachokikosa ni kuishi ukuta kwa ukuta na mtu ambaye, asipokuona ukitoka kunywa chai, anaweka nyundo chini na kuja kuuliza ni mkono upi umekubakia.