Mashua Iliyozamishwa kwa Makusudi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufunguo, kisu butu, na amri ya kutogusa kitu chochote. Ilikuwa mwezi wa nne. Barafu ya ziwa Mälaren ilikuwa imepasuka wiki hiyo hiyo, na ndani ya banda la chama cha makasia mlikuwa na baridi kuliko nje. Nilikuwa mtu wa miaka hamsini na ushei, mkimbizi kutoka Uvira, Kongo, na ofisi ya kazi ya Stockholm ilikuwa imeandika kwenye karatasi yangu kwamba nina uzoefu wa vyombo vya majini. Hilo lilikuwa kweli. Baba yangu aliunda mitumbwi ya mbao kando ya ziwa Tanganyika, nami nilimshikia misumari tangu sijaota ndevu. Kwa hiyo niliingia mle bandani nikiwa na kiburi changu chote.

Mkubwa wangu alikuwa Msimamizi wa Mashua. Waswidi huitana kwa majina hata na wakubwa wao, lakini mdomo wangu ulikataa. Nilimwita Bosi, naye akachoka kunikosoa.

Alinipeleka mbele ya mashua ndefu kuliko nyumba niliyozaliwa. "Ingiza kisu kati ya mbao," aliniambia. Nikakiingiza, kikazama hadi kwenye mpini. Mwanga wa upande wa pili ulionekana kwenye nyufa.

"Sasa unajua majira ya baridi yanafanya nini," akasema.

Mashua ile Waswidi huiita kyrkbåt, yaani mashua ya kanisa. Zamani vijiji vya kando ya maziwa viliungana kuunda mashua moja kubwa ya kuwavusha watu Jumapili kwenda ibadani, wazee, watoto na maharusi wote pamoja. Hukaa wapiga makasia kumi na wanne, wawili wawili, na mshika usukani mmoja nyuma kwenye shetri. Mbao zake zimepandana kama magamba ya samaki na kufungwa kwa misumari ya shaba, kisha zinapakwa lami ya msonobari ambayo harufu yake hukaa kwenye koti lako hadi Krismasi. Wazazi wa Bosi walipelekwa kanisani kufunga ndoa ndani ya mashua hii hii, huko kaskazini, kabla haijaletwa mjini.

"Jumatatu tutaizamisha," akasema Bosi.

Nilimtazama kama mtu anayetaka kujua mwenzake amekunywa nini asubuhi. Kwetu, mbao ikiachana unatia kalafati: unasokota pamba, unaichovya kwenye mafuta ya mawese, unaisukumiza kwenye ufa mpaka maji yakose njia. Nikamweleza hivyo kwa Kiswidi changu cha kuokoteza, na kwa mikono.

"Mbao ikivimba juu ya pamba yako, itajipasua yenyewe," akanijibu. "Hii ina kiu. Mwenye kiu hazibwi mdomo."

Jumatatu tukaishusha gatini. Kwa muda wa saa moja ilijaa maji mpaka kwenye ukingo, ikabaki inaelea hivyo hivyo, kichwa kikiwa nje. Tukaipakia mawe ili mbao za juu nazo zinywe. Siku nne ikalowa. Siku ya tano tukaikumba maji, na ngama yake, yaani sakafu ya chini kabisa, ikabaki kavu kama sahani. Nilipapasa kwa kiganja, nikasema kimoyomoyo, baba, kumbe hatukujua yote.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Msimu wa baridi tulikuna lami, tukabadilisha mbao zilizochoka na kusugua makasia, na masika, barafu ikishayeyuka, tukazamisha. Bosi hakuwa msemaji. Kwa miaka miwili ya kwanza nadhani alinisifu mara moja, na hata hiyo alikuwa akiisifu randa.

Mwaka wangu wa tatu Mwenyekiti wa chama alileta habari: Juni yatafanyika mashindano ya mashua kubwa mbele ya jiji, na Wafini, Waestonia na Wanorwe wanakuja. Kwetu ilikuwa mara ya kwanza kushindana na wageni. Mwenyekiti, mwanamke mwembamba aliyependa mambo yaende kwa saa, alitaka tukodi mashua mpya ya plastiki, nyepesi na isiyonywa wala kulia.

Bosi akavua kofia. Sikuwahi kumwona akivua kofia mbele ya mtu.

"Ninastaafu mwezi wa nane," akamwambia. "Sijawahi kushika usukani wake kwenye mashindano. Kila mwaka naitengeneza, halafu wengine wanaiendesha. Nipe mara moja."

Mwenyekiti aliandika kitu kwenye daftari lake. "Ijumaa saa sita mchana nitakuja kuitazama," akasema. "Ikivuja, inabaki gatini, na wewe utaangalia ukiwa nchi kavu pamoja na sisi."

Mwaka ule tulikuwa tumetia mbao mbili mpya, kwa hiyo ilichelewa kutoka bandani. Tuliizamisha Jumatatu ya wiki ya mashindano. Tulihesabu siku kwa vidole: zilitosha, lakini hazikubaki.

Sasa ndipo ndugu zangu wanaingia, nami nawapenda, kwa hiyo nitasema taratibu. Kusanyiko letu la Waswahili, ambalo lilikutana kwa ibada kwenye ukumbi wa kukodi kule Rissne, pembeni mwa jiji, liliombwa kuimba siku ya zawadi na kuuza chakula. Jumatano mchana wanaume kumi na mmoja walikuja kusimika hema, wakiongozwa na Deo, dereva wa basi kutoka kwetu Uvira. Mimi na Bosi tulikuwa bandari nyingine tukiwapokea Wafini. Nilikuwa nimewaachia ufunguo wa choo na chupa za soda. Kuhusu mashua sikuwaambia kitu. Haikunijia kabisa kichwani.

Kwetu ziwani, chombo ukikikuta kimezama humsubiri mwenyewe. Unaita watu, mnakikumba maji, mnakivuta pwani, mnakifuta na kukigeuza tumbo juu kikauke. Mwenyewe akirudi anakuta kazi imekwisha, naye anashukuru. Ukipita bila kugusa, huna tofauti na aliyekizamisha.

Tuliporudi, mashua ilikuwa nchi kavu. Walikuwa wameipindua juu ya magogo, wameifuta kwa matambara hadi inang'aa, na jua la Juni lilikuwa likiipiga mgongoni kwa saa nne. Mawe wameyapanga pembeni kwa mstari mzuri. Deo alikuja kunipokea akiwa amelowa hadi kifuani, akaniita kwa jina la binti yangu, kama ilivyo desturi ya kwetu.

"Papa Esther, tulikuta mashua yako imekufa mu maji," akasema. "Tukasema, hapana, hatuwezi acha chombo ya ndugu yetu hivi. Ni nzito, bwana. Lakini imetoka."

Wenzake walisimama nyuma yake wakitabasamu, na mmoja alikuwa akijikanda kiuno. Nilihisi machozi yananijia, na sikujua kama ni ya hasira au ya huruma. Bosi aliizunguka mashua polepole, kiganja juu ya mbao. Mbao za juu zilikuwa zimeanza kuachana tena. Akachomoa kisu chake, akakirudisha mfukoni bila kukitumia.

"Walikuwa wangapi?" akaniuliza.

"Kumi na mmoja."

"Nani aliwaomba?"

"Hakuna."

Akatikisa kichwa. "Miaka yote hii naomba watu wanne wanisaidie kuinyanyua, nawapata wawili, tena wanalalamika mgongo." Akaenda kumshika Deo mkono, kisha wa pili, hata wa kumi na moja. Kisha akanigeukia akasema kwa sauti ya chini, "Haitawahi. Lakini wasiambiwe leo."

Mimi nikawaambia. Bosi alikuwa na adabu zake, nami nina zangu: mtu akikosea kwa wema, mpe nafasi ya kurekebisha, la sivyo unamdhulumu. Nilipomaliza kueleza, Deo alikaa chini kwenye nyasi.

"Mungu wangu," akasema. "Huyu mzee anaacha kazi mwezi wa nane, na sisi ndio tumeua safari yake?"

"Bado haijafa," nikamjibu. "Ina kiu."

Tuliirudisha majini muda ule ule, mawe yote ndani. Tatizo lilikuwa mbao za juu: jua lilikuwa limezikausha kabisa, na maji hayakuzifunika vya kutosha. Hapo ndipo Mama Zawadi, kiongozi wa kwaya, alipopigiwa simu. Alhamisi asubuhi wamama walishuka na mabegi kutoka Rissne, Hagsätra na Skärholmen, wamebeba mablanketi na vitenge vya zamani. Wakavilowesha, wakavitandika kwenye kingo zote mbili, na wakapanga zamu ya kumwagia maji kwa ndoo, wawili wawili kama wapiga makasia. Wakaimba wakimwagilia. Wafini waliokuwa wakifanya mazoezi walipunguza kasi kutazama mashua iliyovalishwa vitenge. Mama Zawadi alimletea Bosi chai yenye tangawizi, akaamrisha anywe.

"Anasema nini?" Bosi aliniuliza.

"Anasema umekonda, na kwamba mashua haiponi fundi akiwa na njaa."

Ijumaa asubuhi tukaikumba. Saa sita kamili Mwenyekiti akaja na daftari lake, akasimama gatini dakika arobaini. Sote tuliangalia ngama. Mimi nilisimama ndani; maji yalipanda polepole, yakafika kwenye kifundo cha mguu wangu, yakaendelea.

"Inavuja," akasema Mwenyekiti.

"Inalia kidogo," akasema Bosi.

"Nilisema nini?"

Bosi alikuwa ameshavaa kofia yake na kugeuka kuelekea bandani. Mgongo ule siwezi kuusahau. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Mwenyekiti, sheria ya mashindano inakataza wapiga makasia wapungue. Inakataza mtu wa ziada?"

Akafungua karatasi zake, akasoma juu hadi chini. "Haikatazi. Lakini uzito wake utawachelewesha."

"Tutachelewa. Mimi nitakumba maji."

Alinitazama, akawatazama wamama waliokuwa wamesimama na ndoo tupu, vitenge vikitiririka miguuni mwao. Kisha akafunga daftari. "Bra," akasema. Kwa Waswidi, neno hilo moja, yaani vizuri, linatosha kumaliza kikao.

Jumamosi nilikaa chini katikati ya makasia, nikiwa na upo, yaani kata ya mbao ya kukumbia maji. Mzee mmoja wa Tanzania katika kusanyiko letu alinicheka akasema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kweli, nilikuwa nimevuka nchi sita na kupata cheti cha ufundi, kisha nikaishia ngamani. Filimbi ikalia. Sikuona mashindano. Niliona maji, miguu ishirini na minane, na tena maji. Nilichota na kumwaga, na juu yangu makasia yaligonga kwa pamoja, na Bosi akihesabu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia bandani, ya kijana.

Karibu na mwisho akaniita. "Acha kukumba."

"Bosi, maji..."

"Makasia kumi tu. Inua kichwa."

Nikainua. Jiji lote lilikuwa mbele yangu, mnara wa matofali mekundu na paa za kijani, nami niliangalia kutoka majini, mahali ambapo sikuwa nimewahi kuwa tangu nifike nchi ile. Ufukweni wamama walikuwa wakipunga vitenge ambavyo bado vilikuwa vimelowa. Nikageuka nyuma. Bosi alishika usukani kwa mikono miwili, machozi yakimshuka hadi kwenye kidevu, wala hakujisumbua kuyafuta. Nililia na mimi. Kisha nikarudi kukumba, maana maji hayana simile.

Tulikuwa wa tano kati ya mashua sita. Waestonia walikuja kutuuliza vile vitambaa vilikuwa dawa gani.

Mwezi wa nane Bosi alistaafu, nikapewa ufunguo wake. Masika yaliyofuata, nilipoizamisha mashua kwa mara ya kwanza peke yangu, nilimpigia simu kutoka gatini. "Nimeizamisha," nikasema. Akauliza, "Maji yamefika wapi?" Nikamwambia yamefika kwenye ukingo. "Ongeza jiwe moja mbele," akasema. Nikaudhika kidogo, maana mawe nilikuwa nimeyapanga vizuri, lakini nikaongeza.

Ikawa desturi yetu. Kila masika simu moja, maneno yale yale, na kila mwaka jiwe moja mbele. Nilimwambia mke wangu kwamba mzee yule hataniamini mpaka nife. Baadaye alihamia kwenye nyumba ya wazee huko Skärholmen, na kiharusi kikamnyang'anya maneno. Nilipiga hivyo hivyo. Muuguzi alimwekea simu sikioni, nami nilisema nimeizamisha, nikasikia akipumua. Mwaka uliofuata alifariki wakati wa theluji. Masika yale nilisimama gatini na simu mkononi, sikuwa na wa kumpigia.

Miaka yangu ya mwisho nilifundisha mtu wa kunirithi, Nekesa, Mkenya aliyechoka kufanya kazi ofisini, mwenye mikono mizuri na maswali mengi. Nilimpa kisu butu, nikamwambia asiguse kitu. Siku ya kuondoka nilimkabidhi ufunguo na upo, nikapanda treni kwenda nyumbani Hagsätra. Nimeulizwa na vijana kazi imenifundisha nini. Nimejifunza kukuna lami, na kuheshimu wema hata ukija kichwa chini miguu juu. Mengine sikuyajua mpaka nilipokuwa nimestaafu.

Mwezi wa nne nilikuwa jikoni nikimenya viazi, simu ikalia.

"Shikamoo Mzee. Nimeizamisha," alisema Nekesa.

Niliweka kisu mezani. Nyuma ya sauti yake nilisikia maji yakigonga gati, na upepo, na jinsi alivyokuwa akinisubiri bila haraka.

"Maji yamefika wapi?" nikauliza.

"Kwenye ukingo."

Nilijua kwamba imekaa sawa. Nilimfundisha mwenyewe, na mawe yale anayapanga vizuri kunishinda. Lakini akishasikia hivyo angeaga, na mimi ningerudi kwenye viazi vyangu.

"Ongeza jiwe moja mbele," nikamwambia.

"Sawa Mzee, ngoja nilitafute," akasema. Hakukata simu. Nikakaa pale nimeishika sikioni, nikisikiliza nyayo zake zikienda kwenye mbao za gati.