Ijaza Niliyoombwa Barking

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nikanawe mikono. Mkuu wa Idara ya Hati za Kiarabu, Mwingereza mrefu aliyejua Kiarabu cha vitabuni kunishinda, alisimama kando ya sinki akinikagua vidole. "Hapa hatupaki hata mafuta," akasema. Nilikuwa kijana wa Unguja niliyekuja London baada ya Mapinduzi, nikapanga chumba Hayes na kubeba mizigo uwanja wa ndege. Kiarabu cha chuoni, cha madrasa ya utotoni, ndicho kilichoniingiza maktaba.

Nilikabidhiwa juzuu za mwanachuoni mmoja wa hadithi za Mtume, wa zama za Wamamluki waliotawala Misri na Sham, ambaye idarani tulimwita Mdamaski kwa jina la mji wake. Nyinyi mnaosoma hadithi kwenye simu mjue kwamba hadithi ina matini, yaani maneno yenyewe, na ina sanadi, yaani safu ya watu waliopokezana, huyu kasikia kwa yule. Pembezoni mwa kurasa zake kulijaa samaa, maandishi yanayoshuhudia nani alikaa mbele ya mwalimu na katika msikiti gani. Kazi yangu ilikuwa kuyasoma majina hayo na kuyaorodhesha.

Mdamaski alikuwa mtoto wa mshona matandiko ya farasi. Alikwenda Misri kwa miguu kusikiliza hadithi ambayo tayari alikuwa nayo kitabuni.

"Kwa nini hakuisoma tu?" nilimuuliza Mkuu.

"Kitabu hukiulizi swali kikakujibu," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Baadaye Mtunza Hati Mwandamizi, mama mkali asiyependa salamu ndefu, alinipandisha chumba cha wasomaji, na alipoondoka kazini nikakalia kiti chake. Maprofesa walinijia kuniuliza mwandiko huu wa nani, wino ule wa wapi. Nilijibu bila kufungua faharasa. Nilivimba kichwa, nisiwafiche.

Habari zikafika Barking, mashariki ya London, kwa watu wetu wa Unguja. Wakaanza kuniita Sheikh. Nilipowaambia mimi si sheikh, ni mtunza vitabu, walicheka wakasema angalieni unyenyekevu wake. Mke wangu Salma alilipenda sana jina lile. Mimi kila nikiitwa nilihisi masikio yanawaka moto, na bado niliitika.

Nilipostaafu walinifanyia karamu kwenye ukumbi wa msikiti. Mwenyekiti wa jumuiya akasimama, biriani inanukia nyuma yake.

"Sheikh, hawa kina mama wamemaliza kitabu kizima cha hadithi. Tunakuomba uwape ijaza leo, kabla hatujala."

Ijaza ni idhini ya kusimulia ulichopokea, na huitoa yule aliyepewa na mwalimu wake. Mimi hakuna aliyenipa. Kina mama walikuwa wamevaa vizuri, wengine wameshawasha simu wapige picha. Salma alinitazama kwa furaha ambayo sijaiona usoni mwake tangu harusi yetu. Kusema ndiyo kungekuwa rahisi mno. Lakini ningewaunganisha na safu ya kina Mdamaski kwa uongo, na wao wangewapa watoto wao uongo huo wakidhani ni amana.

"Sina ijaza," nikasema. "Sijapata kukaa mbele ya mwalimu wa hadithi hata siku moja."

"Mzee, unatutania?" Mwenyekiti akauliza.

"Sitanii."

Salma akainamisha kichwa. Akainuka Bi Mwanaisha, mmoja wa kina mama wale, anayetunza wazee kule Edmonton.

"Mjomba, mimi nimeomba day off kwa ajili ya leo, na manager kanuna. Lakini afadhali umesema kweli. Ila nakuuliza. Masheikh wa kusomesha wapo humu humu London, miaka yote. Kwa nini hukwenda?"

Ukumbi mzima ulisubiri. Nilitafuta sababu: kazi, safari za treni, watoto. Zote zilikuwa uongo. Sikwenda kwa sababu niliona haya, mtu mzima mwenye cheo, kukaa chini na wanafunzi na kusahihishwa mbele za watu.

Nikavuta kiti nikakaa. Biriani ikapakuliwa, na sahani ya kwanza, ile ya mgeni wa heshima, ikaletwa ikawekwa mbele yangu. Nikaila, kila mtu ananitazama.