Mbuzi Saba Waliomtoa Binti Yangu Kwenye Televisheni

Mhariri, jina langu lifungie kwenye droo na ufunguo ukae nao wewe. Nikijulikana, hapa Eastlands, Nairobi, sina plot ya kupanga nitakayoingia tena.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mbili, nakaa Baba Dogo, kazi yangu ni udalali wa mbuzi pale sokoni Kiamaiko. Shule niliachia darasa la nne, lakini mbuzi nikimtazama jicho tu nakuambia mamake alikuwa wa rangi gani. Siringi, uliza mtu yeyote. Siku moja mbuzi alinitoroka akafika mtoni, nikapiga mluzi mara moja, akarudi na wenzake wawili ambao hata hawakuwa wangu. Mimi nikianza kusimulia, watu huacha kuuza.

Sasa huo mdomo ndio umenimaliza.

Kaka yangu alipofariki aliniachia binti, wacha nimwite Wanja. Nilimlea kama wangu, akasoma, mpaka akawa anasoma habari kwenye televisheni. Saa ya habari ikifika, nyumba ya landilodi hujaa hadi dirishani, na kiti cha mbele ni changu. Wanja akisema "hamjambo," mimi naitikia kwa sauti kubwa. Niliwaambia watu kwamba hunipigia simu kwanza aniulize avae nguo gani. Simu yenyewe sina.

Miezi miwili iliyopita mteja wa mashambani aliniagiza mbuzi saba wa mahari ya kijana wake. Mbuzi wa mahari huchaguliwa, si kuokotwa: asiwe na kilema, asiwe amekatwa sikio. Niliwanunua kwa rafiki yangu Abdi, nikawaleta nyumbani wangoje lori. Jirani yangu Mama Njeri akatoka mlangoni.

"Baba, hizi mbuzi zote ni za nini? Umeokoka unataka kutoa sadaka?"

Ningesema ni za mteja, mambo yaishe. Lakini watu walikuwa wameanza kukusanyika, na mimi nikiona watu... Nikasema, "Hizi ni mahari ya mtoto wangu wa televisheni. Zimeletwa na mkubwa mmoja, jina lake siwezi kutaja."

Kesho yake pale Kiamaiko akanijia bwana mmoja mwenye koti la kahawia, akaninunulia supu ya kichwa. Alikuwa mtu wa gazeti moja la kila wiki, lakini hilo hakuniambia. Aliniuliza kwa heshima, "Mzee, huyo mkwe wako ni mtu wa aina gani?" Ndugu zangu, nilimpa mkwe kamili! Gari lenye mapazia. Bibi mwingine nyumbani. Kanisani hukaa kiti cha mbele. Yule bwana aliandika mpaka supu yake ikapoa, nami nikadhani anaandika bei za mbuzi.

Gazeti likatoka na picha ya Wanja, na maneno makubwa: MTANGAZAJI AOLEWA KISIRI NA MUME WA MTU. Mbuzi saba walitajwa, lakini aliyewaambia walimwita tu "mtu wa karibu." Ndani mhariri wao alilia kuhusu maadili ya wasichana wetu na kutuomba tumwombee. Ukifungua upande wa pili, kuna msichana aliyevaa kamba mbili tu. Hao ndio walinzi wa maadili.

Kazini Wanja akaambiwa akae nyumbani mpaka mambo yapoe. Sasa habari zinasomwa na mwingine, na kile kiti cha mbele sikitaki tena.

Nilienda mjini kwenye ofisi ya lile gazeti. Nikamwambia yule wa koti, "Bwana, nilikuwa natia chumvi. Hakuna mkubwa, hakuna gari."

Akacheka. "Mzee, chumvi uliitia wewe, sisi tulipakua tu." Wiki iliyofuata wakaandika: FAMILIA YAFICHA UKWELI. Uongo wangu waliuamini siku moja. Ukweli wangu hakuna anayeutaka. Hata Mama Njeri ananikonyeza, "Umenyamazishwa na mkubwa, eh?"

Kuna kijana mwalimu aliyekuwa anataka kumwoa Wanja, mtu mpole sana. Babake amesema, "Mbuzi wa mtu mwingine wakishaingia kwenu, sisi wetu tutawaleta wapi?" Wazee wao wamekubali kuja mwisho wa mwezi, mara moja tu, kutusikiliza.

Wanja alikuja kwangu mchana, amejifunga leso usoni asitambuliwe. Akashika mikono yangu miwili. "Baba, wewe ndiye utakayenisemea. Sina mwingine. Na siku nitakayomjua aliyesema maneno haya, sitaki kuuona uso wake mpaka nife."

Mimi, mtu wa maneno mengi, nikainuka nikamchemshia chai.

Mteja wangu sijui kwao ni wapi, alibeba mbuzi akaenda. Shahidi aliyebaki ni Abdi, anayejua mbuzi walitoka zizini kwake na kwamba nilimnunulia mteja. Nilimwomba aje mbele ya wazee. Akaniambia, "Nitakuja. Lakini mimi naapa kwa Mungu, siwezi kusema nusu. Nitaeleza na uongo ulitoka mdomo wa nani. Wewe chagua."

Abdi akija, Wanja atapata bwana yake na pengine kazi yake, lakini mimi nitakuwa nimempoteza mtoto niliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Asipokuja, nitabaki kuwa babake, nimkalishe hapa nyumbani nikimwangalia akinyauka. Kila asubuhi Abdi ananiuliza kwa macho tu, nami najifanya nahesabu meno ya mbuzi.

Nyinyi msionijua, ambao sijawahi kuwadanganya, hebu nisaidieni. Nimwambie Wanja mimi mwenyewe kabla wazee hawajaja, au nimwache Abdi aseme? Na nikimwambia, nitaanzaje, ili kwa mara hii moja niaminiwe?