Ng'ombe wa Mama Katika Maabara

Nilifika nyumbani Navakholo Ijumaa, na kabla sijavua viatu nilikuwa nimeshaiangalia simu mara mbili. Katika maabara yetu Nairobi tulikuwa tukikuza chembe nyeupe za damu, zile zinazolinda mwili, tukizifundisha kuitambua saratani na kuiua. Zikikosa joto zinakufa zote, na umeme ulikuwa umetusumbua wiki nzima. Baadhi ya chembe hizo zilikuwa za mama. Yeye ana saratani ya tezi, na alikuwa amekubali kutoa damu kwa ajili ya utafiti wetu.

Alinikuta nikizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Keti, obusuma inapoa," alisema, akinisogezea sahani ya ugali. "Ng'ombe wangu anakulanga vizuri?"

Ng'ombe ndilo jina alilozipa chembe zake. Kwetu mtu humweka ng'ombe kwa jamaa mwenye malisho, amtunzie, na siku ya shida huenda kumchukua. Nilicheka, nikamwambia ananenepa. Kisha nikamuuliza kemo, ile dawa yake ya saratani, ilikwendaje wiki ile.

"Sikuenda. Hiyo dawa inanitapishanga. Nilisema acha ningoje ng'ombe wangu."

Niliogopa, halafu nikakasirika, maana kwangu hasira haiko mbali. Nikasimama, nikaketi, nikasimama tena.

"Mama, hizo hazirudi kwako. Zinaua saratani kwenye kisahani cha maabara tu. Tukikutia hizo chembe leo, hatujui kama zitakuponya au zitakumaliza. Labda baadaye sana zitamsaidia mtu mwingine."

"Mtu mwingine," alisema. Akaanza kukusanya sahani ambazo hatukuwa tumemaliza. Heri angenitukana.

Jumatatu nilimpeleka hospitali mjini. Hakubishana. Alikaa kwenye kiti cha dawa, akamnyooshea muuguzi mkono huku akitazama ukuta. Dawa ilikuwa imeanza tu kushuka simu yangu ilipolia: umeme umepotea maabara, jenereta imekataa kuwaka, na betri zitashikilia joto hadi usiku tu. Nilijibu kwa kunong'ona, nikairudisha simu mfukoni.

"Ni mambo ya ng'ombe?" mama aliuliza.

"Ndiyo. Lakini siendi popote."

"Si dada yako anakuja sa hii? Enda, wewe mtoto. Huyo mtu mwingine akikuja, asipate zizi tupu."